Mwalimu anauliza "tathmini", darasa linanyamaza

"Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, nafundisha Kidato cha Kwanza na cha Pili katika skuli moja hapa Pemba. Muhula uliopita alikuja mkaguzi, akakaa nyuma ya darasa, na kipindi kilipomalizika akaniambia masuali yangu yote ni ya ngazi ya chini ya kufikiri: taja, orodhesha, nini maana ya. Kwenye semina tulishapewa karatasi yenye vitenzi vya kila ngazi, nikaanza kuvitumia: changanua, tathmini, pendekeza. Sasa nikiuliza, darasa la wanafunzi 70 linanyamaza, au wale wale watatu wananisomea nukuu nilizowapa wiki iliyopita. Wengine naona kabisa kuwa wanajua, lakini Kiingereza kinawakaba. Mwenzangu ananishauri masuali magumu niwape wenye uwezo, wengine niwaulize mepesi wasije wakavunjika moyo. Je, niachane kabisa na masuali ya kukumbuka? Na nitatungaje masuali ya kufikiri ambayo darasa langu litayajibu?"

Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Tuanze na wale watatu wanaokusomea nukuu, maana wao ndio waliokupa jibu bila ya kujijua. Umewauliza "changanua", wamekujibu kwa kukumbuka, na jibu likawa sahihi. Hawajakudanganya. Suali lako lilikuwa na sauti ya ngazi ya juu, lakini kazi iliyohitajika kulijibu ilikuwa ni kufungua daftari kichwani na kusoma.

Ngazi ya kufikiri haikai ndani ya kitenzi. Inakaa kwenye nafasi iliyopo baina ya kile ambacho mwanafunzi keshapewa na kile anachotakiwa kukitoa. Nafasi hiyo ikiwa haipo, hata ukiandika "tathmini kwa kina" bado umeuliza suali la kukumbuka. Ikiwa ipo, hata "taja" linamfanya mtu afikiri.

Chukua mada ya kupwa na kujaa kwa maji, ambayo naamini unaifundisha. Nukuu zako, kama za walimu wengi, zitakuwa zimeandika kwamba bamvua (maji kujaa sana na kupwa sana) hutokea pale jua, mwezi na dunia vinapokuwa kwenye mstari mmoja, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba maji mafu (maji kujaa kidogo na kupwa kidogo) hutokea mvutano wa jua na wa mwezi unapokuwa katika pembe mraba. Sasa waulize: "Eleza sababu ya kutokea bamvua." Kwenye karatasi ya semina, "eleza" limo kwenye safu ya kuelewa. Darasani kwako ni kukumbuka, kwa sababu sentensi ya jibu iko daftarini, neno kwa neno.

Halafu waulize hili: "Taja tarehe moja ya mwezi huu wa Kiislamu ambayo mama akishuka pwani saa 4 asubuhi kufunga mwani atakuta maji yamejaa." Kitenzi ni "taja", cha chini kabisa. Lakini hakuna daftari lenye jibu. Mwanafunzi atakwenda kwenye kanuni ya bamvua na maji mafu, ataifunga na kalenda ya mwezi, atakumbuka kwamba huku kwetu siku za bamvua maji hupwa kiasi cha saa 4 asubuhi, kisha ataona kwamba baada ya siku saba hivi saa zimegeuka, na maji ya saa 4 asubuhi ni ya kujaa. Huko ni kutumia maarifa mahali papya.

Hata hapo usijiamini haraka. Mtoto wa Tumbe aliyekulia ufukweni anajua tangu hajaanza skuli kwamba tarehe nane ni maji mafu, na atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Amekumbuka tu. Mtoto wa mashamba ya karafuu, ambaye pwani anakwenda siku ya sikukuu, atalazimika kufikiri hatua kwa hatua. Suali moja, ngazi mbili, darasa moja. Ndiyo maana karatasi ya vitenzi haiwezi kukutungia masuali. Haimjui mwanafunzi wako wala haijui uliandika nini ubaoni Jumatatu.

Hizo ngazi zenyewe zina historia inayosaidia kuzitumia kwa kiasi. Mwaka 1956 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walichapisha mpango wa kupanga malengo ya elimu katika makundi sita: maarifa, ufahamu, matumizi, uchanganuzi, uundaji na tathmini. Walikuwa watahini wa vyuo, na shida iliyowakutanisha ilikuwa ya kitahini: namna ya kubadilishana masuali ya mitihani huku wote wakiwa na lugha moja ya kusema suali hili linapima nini. Mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl (huyu alikuwemo tangu kundi la mwanzo) waliongoza marekebisho. Makundi yakageuzwa kuwa matendo: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kuunda. Mawili ya juu yakabadilishana nafasi. Wakaongeza pia upande wa pili ambao semina nyingi huuruka, nao ni aina ya maarifa yenyewe, kama ni taarifa, dhana, njia ya kufanya jambo, au mtu kujua namna anavyofikiri yeye mwenyewe.

Ule mchoro wa piramidi unaozipanga ngazi hizi kutoka chini mpaka juu, uliobandikwa katika kila chumba cha walimu, haumo katika kitabu cha 1956. Ulikuja baadaye, na nadhani umetuharibia zaidi kuliko ulivyotusaidia. Piramidi inamfanya mwalimu aamini kwamba chini ni kwa wajinga na juu ni kwa werevu, na kwamba lazima upande ngazi kwa ngazi mpaka uishiwe na muda. Nawaona walimu wanaotumia wiki mbili kwenye "kukumbuka" wakisubiri darasa lote liwe tayari, na hawafiki popote.

Piramidi hiyo hiyo huchanganya ngazi ya kufikiri na ugumu. Hivyo ni vitu viwili. "Taja visiwa vidogo vyote vinavyoizunguka Pemba" ni suali gumu mno, mimi mwenyewe nitaanguka, lakini ni kukumbuka tupu. "Hizi hapa ramani mbili za kijiji kimoja, ya zamani na ya leo, kipi kimebadilika ufukweni na unadhani kimeletwa na nini?" ni uchanganuzi, na mtoto wa Kidato cha Kwanza anaweza kuuanza bila ya hofu. Ukitafuta suali la kufikiri usitafute suali la kuwaangusha.

Sasa ule ukimya. Unaponyamaziwa na watu 70, moyo hukwambia kwamba hawawezi. Mara nyingi wanashindwa kwa sababu mbili tofauti kabisa, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni nafasi ya akili. Mtu anapofikiria jambo hushikilia vitu vichache tu kwa wakati mmoja, kiasi cha vinne hivi, basi. Kilichokwisha kukaa imara katika kumbukumbu ya muda mrefu hakimchoshi, hujileta chenyewe. Mwanafunzi wako akiulizwa "changanua athari za maji kupwa na kujaa kwa wakulima wa mwani", anatafuta kwanza maana ya bamvua, anaikumbuka nusu, anatafuta neno la Kiingereza la kupwa, anajiuliza "changanua" ni kufanya nini, na mpaka hapo nafasi imeshajaa. Hakuna iliyobaki ya kuchanganua. Kumpa suali la juu mtu asiye na maarifa ya chini ni kumtuma dukani bila ya pesa: atakwenda, atasimama, atarudi mikono mitupu, na wewe utasema ni mvivu.

Kwa hiyo jibu la suali lako la kwanza ni hapana, usiachane na masuali ya kukumbuka. Yahamishe tu. Yatoe katikati ya somo, yalikojaa, uyaweke mwanzo wa kipindi. Dakika tano, masuali manne au matano, daftari zimefungwa, kila mtu anaandika, na yawe ya somo la wiki iliyopita na la mwezi uliopita pia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha jambo ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua. Wanafunzi waliosoma kisha wakajipima bila ya kutazama walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma tena na tena, ingawa baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Kukumbuka kwa jitihada kunaimarisha kilichokumbukwa. Mkaguzi alikuwa na haki kusema masuali ya aina moja hayatoshi. Kama alikusudia kwamba "taja" ni aibu, hapo simfuati.

Sababu ya pili ya ukimya ni muda. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alisikiliza kanda nyingi za sauti zilizorekodiwa madarasani, na katika miaka ya 1970 akaandika kwamba walimu kwa kawaida husubiri kiasi cha sekunde moja baada ya kuuliza, kisha huita mwengine, au hurudia suali, au hujijibu wenyewe. Walimu waliofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, yenye sababu ndani yake, na wanafunzi waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Aliona pia kwamba kusubiri mara ya pili, yaani baada ya mwanafunzi kujibu na kabla ya mwalimu kusema "vizuri", kuna faida kubwa vile vile. Na aliona jambo la kutia uchungu: walimu waliwasubiri kwa muda mrefu zaidi wale waliowaona werevu, na waliowaona dhaifu wakakatizwa mapema.

Sekunde tatu ni kidogo ukizisoma hapa. Ukizisimamia mbele ya darasa ni nyingi. Hesabu kimya kimya huku ukitazama madaftari, usiwatazame usoni. Kwa suali la kuchanganua, sekunde tatu hazitoshi hata kidogo. Hapo unahitaji dakika nzima ya kuandika. Waambie waziwazi: "Suali hili hatulijibu sasa. Kila mtu aandike mstari mmoja kwanza." Ukimya ule ule uliokuwa unakutisha unakuwa ni ukimya wa kazi.

Narudi kwenye mwani, maana mada hii ni tajiri na ningependa uone suali linavyojengwa badala ya kuchaguliwa kwenye orodha. Pemba ndiko mwani mwingi wa Zanzibar unakolimwa. Wanafunzi wako wengi wana mama, shangazi au bibi anayeshuka pwani. Andika ubaoni taarifa hizi. Leo ni tarehe 1 ya mwezi mwandamo. Maji yamekupwa kabisa saa 4 asubuhi. Kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Kazi ya shamba la mwani inawezekana kuanzia saa mbili kabla ya maji kukauka kabisa mpaka saa mbili baada yake. Mtoto anatoka skuli saa 7 mchana na anafika pwani saa 8. Suali: siku gani ya kwanza ataweza kumsaidia mama yake kwa zaidi ya saa moja bila ya kukosa kipindi?

Hili la mwanzo ni kutumia. Watahesabu: tarehe 2 ni saa 4 na dakika 50, tarehe 3 ni saa 5 na dakika 40, tarehe 4 ni saa 6 na nusu, tarehe 5 ni saa 7 na dakika 20 mchana, kwa hiyo tarehe 5 kazi inawezekana mpaka saa 9 na dakika 20. Jibu ni tarehe 5. Wengi watafika, na watafurahi.

Ndipo uwaulize la pili: "Kwa hesabu hii, tarehe 8 ingekuwa bora zaidi, maana maji yanakauka saa 10 jioni hivi. Kwa nini mama hakubali?" Hapa hesabu haisaidii. Lazima warudi kwenye mvutano wa jua na mwezi, waone kwamba tarehe 8 ni maji mafu, na maji mafu hayaondoki vya kutosha kulifunua shamba. Sharti la saa na sharti la kina yanavutana: siku ambazo maji hutoka mbali sana ndizo siku ambazo yanatoka asubuhi, watoto wakiwa darasani, na jioni inapofaa maji hayatoki. Mwanafunzi aliyeliona hilo amechanganua, na hukulitaja neno "changanua" hata mara moja. Kwa nini limefaulu? Kwa sababu taarifa ziko ubaoni, hazimli nafasi kichwani, na kanuni waliipitia katika zile dakika tano za mwanzo. Umemwachia kazi moja tu, ile unayotaka kuipima.

La tathmini linataka uangalifu zaidi, kwa sababu ndilo linaloharibika upesi. "Je, unadhani kilimo cha mwani kina faida? Toa maoni yako." Hili halipimi kitu. Atakayesema ndiyo na atakayesema hapana wote wako sawa, na hakuna haja ya kujua chochote. Tathmini inahitaji kipimo, na inahitaji mambo mawili yenye uzito yanayogombana. Jaribu hivi. Kotonii na spinosamu ni aina mbili za mwani. Kotonii ina bei nzuri kuliko spinosamu, lakini hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kali. Kuihamishia maji ya kina kirefu kunataka chombo, na wakulima wengi ni wanawake wasiojua kuogelea. Mkulima mmoja ana shamba la kina kifupi na hana mtaji. Aendelee na spinosamu, ajaribu kotonii kwa msimu wa baridi tu, au ajiunge na wenzake wanunue chombo? "Chagua moja, toa sababu mbili za kuichagua, na useme hasara kubwa kabisa ya uamuzi wako." Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayotenganisha maoni na tathmini. Nikiwa na muda wa kusahihisha sentensi moja tu kwa kila mwanafunzi, nitasahihisha ile ya hasara.

Kuunda sitakusumbua nalo sana. Mara moja kwa mada inatosha, nalo likae nyumbani au kwenye kundi: watengeneze kalenda ya mwezi mmoja ya mkulima wa kijiji chao, au watunge suali la mtihani wao wenyewe pamoja na jibu lake. La pili hili ni rahisi kulitayarisha na lina faida ya ziada, utagundua nani hajaelewa kwa kuona jibu aliloliandika.

Kabla ya kuingia na suali lolote darasani, lipime hivi. Liandikie jibu wewe mwenyewe, kwa maneno ya mwanafunzi mzuri. Kisha chukua daftari la mwanafunzi, ulifunue kwenye mada hiyo. Ukilikuta jibu lako humo, suali ni la kukumbuka, lipeleke mwanzo wa kipindi. Usipolikuta, jiulize kama vipande vya kulijenga vimo. Vikiwemo, ingia nalo. Visipokuwemo, ama vifundishe kwanza ama uviandike ubaoni pamoja na suali. Kazi yote ni ya dakika tatu kwa suali moja, na inatosha kuwa na suali moja zuri la juu kwa kipindi cha dakika 40. Moja. Andalio la somo lenye masuali manane ya ngazi sita linapendeza kwa msomaji wake, darasani halitekelezeki.

Lugha ndiyo sehemu ngumu zaidi ya barua yako, na sitaki nikupe jibu la mkato. Ulivyosema ndivyo: wapo wanaojua na wanakabwa. Mtoto aliyetoka msingi akiwa amefikiri kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta kila kitu, hata mwezi na bahari, kina jina jengine. Masuali ya kukumbuka humficha, kwa sababu anaweza kukariri sentensi ya Kiingereza bila ya kuielewa. Masuali ya kufikiri humfichua, kwa sababu sentensi anatakiwa aijenge mwenyewe. Usiuchukue udhaifu wa Kiingereza ukauita udhaifu wa akili.

Ninachopendekeza ni kugawa kazi katika hatua. Suali liko ubaoni kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi. Dakika mbili wawili wawili wajadiliane kwa Kiswahili, waseme watakavyo. Kisha kila mmoja aandike jibu kwa Kiingereza, ukiwa umemwekea ubaoni maneno makuu manne au matano na mwanzo wa sentensi mbili: mmoja wa kutoa sababu, mmoja wa kupinga. Kuzungumza kwa Kiswahili kunamwachia nafasi ya kufikiri. Kuandika kwa Kiingereza kunamtayarisha kwa mtihani wa Kidato cha Pili wa Baraza la Mitihani la Zanzibar na ule wa Kidato cha Nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambako hapatakuwa na mtu wa kumfasiria. Ukiiacha hatua ya pili, ukamalizia kila kitu kwa Kiswahili kwa sababu darasa limechangamka, utakuwa umemfurahisha leo na kumwacha peke yake siku ya mtihani. Ukiiacha ya kwanza, unarudi kwenye ukimya. Wapo watakaokukosoa kwa kuruhusu Kiswahili katika kipindi cha Jiografia. Mweleze mwalimu mkuu mapema unachokifanya na sababu yake, kuliko kueleza baada ya kuulizwa.

Kuhusu ushauri wa mwenzako, nia yake ni njema, na kidogo tu ana haki: kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake 69 na suali asiloliweza ni kumfedhehesha. Lakini mtoto anayeulizwa mepesi tu kila siku huelewa haraka sana umemweka wapi. Na hatajifunza kufikiri, maana hapewi cha kufikiria. Mwisho wa mwaka utasema "unaona, hawezi", na kweli hatoweza. Suali liwe moja kwa wote. Kinachotofautiana kiwe ni msaada. Katika lile la mwani, wanaohitaji wape jedwali la saa lililokwisha kujazwa siku tatu za mwanzo. Waliomaliza mapema waondolee taarifa moja, au waongezee sharti jipya: sasa ni mwezi wa pili, na wingu halijaonyesha mwezi, je tarehe 1 ni leo au jana, na jibu linabadilika vipi?

Na acha kuchagua mikono iliyonyooka. Mikono ni ya wale watatu. Baada ya kila mtu kuandika na kusema na jirani yake, ita jina. Mtoto aliyekwisha kuandika mstari na kuusikia ukikubaliwa na mwenzake haitwi kwa kushtukizwa. Akisema "sijui", mwambie asome alichoandika, au aseme mwenzake alisema nini. Kisha subiri.

Huwezi kusahihisha majibu 70 ya wazi kila kipindi, na atakayekwambia unaweza hajafundisha darasa la watu 70. Chukua madaftari kumi kila mara, yawe ya safu tofauti, soma majibu ya suali moja tu, na anza kipindi kinachofuata kwa kosa ulilolikuta mara nyingi zaidi. Kwenye jaribio la kila mwezi weka suali moja la aina hii pamoja na yale mengine, na andika kabla ya kulitoa nini kitampa alama: sababu sahihi alama mbili, kuifunga na taarifa iliyotolewa alama mbili, hasara au upande wa pili alama moja. Usipoandika mapema utajikuta unatoa alama kwa mwandiko mzuri.

Wiki za mwanzo zitakuwa mbaya. Watoto waliozoea kwamba kila suali lina jibu daftarini watahisi umewasaliti, na baadhi watakwambia "mwalimu hili hukutufundisha". Waambie ni kweli, na ndiyo maana unawauliza. Ila ikiwa mwezi umepita na bado nusu ya darasa haiandiki hata mstari, tatizo limezidi utungaji wa masuali na si la kulimaliza kwa maandishi kama haya. Mwombe mwalimu mwenzako unayemwamini akae darasani kwako kipindi kimoja na kufanya mambo mawili tu: kuandika kila suali unalouliza kama lilivyotoka mdomoni, na kuhesabu unasubiri sekunde ngapi. Tofauti kati ya suali la kwenye andalio na lile lililotoka mdomoni huwashangaza wengi. Ukipeleka karatasi hiyo katika kituo cha walimu cha wilaya yako utapata msaada wa maana kuliko semina nyengine ya vitenzi, kwa sababu mtakuwa mnazungumzia darasa lako.

Pia watazame wachache ambao hawaingii katika maelezo yote haya. Kuna mtoto anayejibu vizuri kwa mdomo, hata masuali ya juu, lakini karatasi yake ni tupu au herufi zimevurugika katika lugha zote mbili. Kuna anayekaa nyuma na kujibu suali ambalo hukuuliza. Na kuna anayenakili ubao kwa makosa. Huyo wa kwanza huenda hajawahi kujifunza kusoma vizuri, au ana shida ya kusoma inayohitaji mtaalamu. Wa pili huenda hasikii, na wa tatu huenda haoni. Hawa usiwatungie suali jepesi. Wasogeze mbele leo hii, zungumza na mzazi faragha, na mpitie mwalimu mkuu ili wafikiwe na walimu washauri wa elimu mjumuisho (elimu ya kila mtoto, hata mwenye ulemavu), na wakapimwe macho na masikio hospitali.